Magoti ya Panzi

Wiki iliyopita jirani yangu mpya aliniuliza nimestaafu kazi gani. Nikamwambia nilikuwa natengeneza nzi. Alinitazama, akageuka akatazama choo changu cha nje, kisha akauliza kwa adabu kama hawa waliopo hawatoshi. Nimeulizwa hivyo tangu ujana wangu, na mpaka leo sijapata jibu fupi.

Ninawaandikia ninyi mliobaki mezani, ambao hamhitaji kuelezwa. Lakini karatasi husafiri, na huenda hizi zikaokotwa na mtu kama jirani yangu, kwa hiyo nieleze kidogo. Ng'ambo kuna watu wanaovua samaki kwa fimbo nyembamba kwenye mito ya baridi. Badala ya mnyoo hutumia ndoano iliyovishwa manyoya, nyuzi na sponji mpaka ifanane na mdudu hai. Ndoano hiyo huitwa nzi hata kama ni panzi, siafu au kereng'ende. Wakishamnasa samaki, wengi wao humrudisha majini akiwa mzima, wakaenda kununua nzi wengine. Habari hiyo ya kumrudisha samaki ilinichukua miaka kuiamini, na baba yangu aliondoka duniani hajaiamini.

Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vilikuwa viwili tu, cha kufunga na cha kukagua, na kuhusu mshahara mnajua wenyewe. Nitaandika habari za kazi, na hasa za kosa nililolifanya nikiwa mkaguzi, maana kila nikikumbuka miaka ile ndilo linalotangulia.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na miwili, katika jengo la duka kando ya barabara iendayo Sirari, mpakani na Kenya. Mwenye karakana alikuwa Madam Penina, mama mfanyabiashara ambaye shangazi yake aliolewa upande wa pili wa mpaka na alikuwa akifunga nzi huko. Madam alikwenda kumtembelea kwa wiki mbili, akakaa miaka miwili. Akarudi na vaisi sita za kubania ndoano, katoni ya manyoya, na Kiswahili cha Kenya ambacho hakikumtoka tena.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu. Vijana wa rika langu walikuwa wamekwenda machimboni upande wa Nyamongo, na kila kijiji kilikuwa na hadithi ya mtu aliyeondoka na sururu akarudi na gari. Mimi pia nilikwenda. Nilishushwa shimoni kwa kamba mara moja, nikatazama juu, nikaona mbingu imebaki ukubwa wa sahani, nikaomba kupandishwa. Huo ndio ushujaa wangu wote wa dhahabu. Siku ya nne nilikuwa nimesimama mbele ya Madam Penina nikiomba kazi ambayo mpaka siku hiyo ilifanywa na wanawake watupu.

"Uko na macho mzuri?" aliniuliza.

"Ninayo, Madam."

"Na haraka?"

"Haraka sina."

"Basi kaa na huyu mama."

Huyo mama alikuwa Mama Mwita, mjane wa Gorong'a, aliyepanga chumba nyuma ya karakana na kurudi kwake kila Jumamosi kuangalia shamba na ng'ombe. Nilikuwa nimeambiwa ndiye fundi kuliko wote, nikategemea kukuta vidole vyembamba. Nilikuta mikono ya jembe, mipana, yenye sugu, na kwenye kidole gumba cha kulia kucha nene iliyopasuka ambayo aliitumia kukandamizia uzi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia bila kuinua kichwa, akanisogezea glasi tupu.

"Mura, kanitafutie panzi. Mzima. Akipungua mguu mrudishe ulikomtoa."

Mura ni kijana, kwa wasiojua. Nilimpata nyuma ya duka baada ya kukimbizana naye mbele ya watu. Nilipomleta, Mama Mwita alimtia kwenye karai la maji akaniambia nimwangalie. Nikamwangalia. Wateja wa duka la jirani nao wakasimama kuniangalia mimi nikimwangalia. Baada ya muda mrefu akauliza nimeona nini.

"Anapiga mateke, mama."

"Kwa mguu upi?"

Sikujua.

"Mwangalie tena."

Siku yangu ya kwanza kazini iliisha hivyo, sijagusa ndoano. Lakini nilikuwa nimeona kwamba panzi aliyeanguka majini hanyooshi miguu ya nyuma yote pamoja. Mmoja husukuma na mwingine hujikunja, na akichoka yote miwili hubaki imekunjwa nusu, magoti yakiwa juu kidogo ya mgongo. Sampo ya kuiga tuliyoletewa kutoka ng'ambo ilikuwa na miguu iliyonyooka nyuma. Mama Mwita aliniambia sampo ile ilifungwa na mtu anayemjua panzi kwa picha.

Alikuwa amemwambia Madam pia. Madam akamjibu, "Wachana na hiyo maneno, kastoma anataka kama sampo." Basi Mama Mwita akafunga dazeni moja kwa jinsi alivyomjua panzi, akaitia katikati ya katoni bila kumwambia mtu. Ilipokuja barua kutoka kwa kastoma, ilikuwa ikiomba panzi wa ile dazeni, wengine hapana. Madam aliisoma barua hiyo mbele yetu kwa sauti, akasema yeye alijua siku zote.

Jinsi ya kumfunga mnaijua, ila yapo mambo mliyoyakuta yakiwa rahisi. Sponji ya mwili ninyi mnaipata imekatwa. Sisi tuliikata kutoka kwenye kandambili chakavu, za kijani na za njano, na katika mwaka wangu wa kwanza hapakuwa na mtu katika mtaa ule aliyeacha kandambili zake nje akazikuta. Macho tuliyatengeneza kwa kuchoma ncha ya mshipi wa nailoni kwenye mshumaa mpaka ijikunje iwe tone jeusi. Papasi za kichwani zilikuwa nywele za mkia wa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wa Mama Mwita.

Lakini kazi yenyewe ni magoti. Mguu wa nyuma wa panzi ni nyuzi mbili za unyoya wa mkia wa ndege zilizolazwa pamoja, na goti ni fundo moja linalofungwa katikati yake kisha likavutwa mpaka mguu ukunjike. Magoti mawili lazima yawe kimo kimoja. Moja likishuka, panzi analala ubavu akifika majini, na tunaambiwa samaki hamtaki panzi anayelala ubavu. Sijawahi kumwuliza samaki. Mama Mwita alinifundisha kwamba fundo hufungwa pumzi ikiwa imekwisha kutoka. Ukifunga huku unavuta pumzi, kifua kinainuka, bega linainuka nalo, na kidole kinakwenda mahali ambapo hukukituma. Ilinichukua miezi minne kufunga jozi moja ambayo hakuikata kwa mkasi.

Jinsi nilivyokuwa mkaguzi ni habari ya cheo, na nimesema sitaandika vyeo. Niseme tu nilipewa lenzi, taa, na mkebe wa maziwa ya unga ambao kwenye karakana yetu uliitwa mkebe wa rijekti, wa kazi zilizokataliwa. Kila kilichofungwa kilipita mbele yangu. Nilirudisha kazi za watu wote, na wote walininunia kwa zamu, isipokuwa Mama Mwita, ambaye sikuwahi kuwa na sababu ya kumrudishia.

Sasa lazima niseme nilivyomtoa mwalimu wangu kazini. Binti yake Bhoke alikuwa akimletea unga kila mwisho wa mwezi. Nilianza kuujua mwisho wa mwezi kuliko kalenda. Mambo yakaenda yalivyokwenda, wazee wakakaa, wakakubaliana. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na mkwe haingii jikoni kwa mama wa mke wake kwa sababu yoyote ile. Ukristo wetu haujaigusa heshima hiyo. Asubuhi iliyofuata Mama Mwita alisimama, akafungua vaisi yake mezani, akaifunga ndani ya kanga.

"Umenichukulia binti na kiti kwa wiki moja," akasema akiuangalia ukuta, maana mimi tayari hakutakiwa kuniangalia.

Madam Penina alinijia juu. "Marwa, kwani hukuona msichana mwingine Tarime nzima?"

Ikaamuliwa Mama Mwita afungie nyumbani Gorong'a, na kila Ijumaa kazi iletwe na Nyangi, mke wa mwanawe Mwita, aliyekuwa akija na lori la sokoni. Kwa karibu miaka mitatu nilimjua mama mkwe wangu kwa kupitia panzi. Nilikuwa siwezi kumsalimia ila kwa mbali, nimegeukia pembeni, lakini kila Ijumaa nilijua hali yake. Uzi ukiwa umekazwa kupita kawaida, alikuwa amegombana na mtu. Kichwa cha panzi kikiwa na gundi nyingi, alikuwa na homa. Bhoke akienda Gorong'a akirudi na habari, mara nyingi nilikuwa ninazo tayari, naye hilo halikumpendeza.

Kisha magoti yakaanza kushuka. Ijumaa ya kwanza yalikuwa ya panzi wawili katika dazeni moja, nikafikiri ni bahati mbaya. Ijumaa iliyofuata walikuwa watano. Niliwatia kwenye mkebe wa rijekti mmoja mmoja, na kila mmoja nilimtazama mara tatu kabla ya kumwachia. Baada ya hapo Nyangi akaleta dazeni mbili ambazo hazikuwa na panzi hata mmoja wa kupeleka ng'ambo. Magoti yalikuwa juu, chini, pembeni, na uzi ulikuwa umeruka mizunguko.

Nilifanya hesabu zangu, na zilikuwa hesabu za mjinga. Mwita alikuwa mchimbaji, nyumba yake ilikuwa inapata nafuu, nikaona mama mkwe wangu amechoka na kazi na amemwachia Nyangi afunge. Nikachukua penseli nikaandika kwenye kipande cha boksi: "Hii si kazi ya mama. Anayefunga aache." Sikuandika jina lake wala langu. Niliona kwamba kutotaja majina ni heshima ya ukwe.

Nyangi alirudi Ijumaa na jibu la mdomo. "Mama amesema ni kazi yake. Amesema atakaa nayo zaidi."

Akakaa nayo zaidi. Kazi ikaja mbaya zaidi. Nikairudisha, akakaa nayo zaidi tena. Wiki tisa tulikwenda hivyo, mimi nikirudisha na yeye akikaa. Jioni moja nikamwuliza Bhoke kama kweli mama yake anafunga mwenyewe.

"Nani mwingine?" Bhoke alikuwa na mtoto wetu wa kwanza mgongoni, hajapata nafasi ya kwenda kwao ila mara moja. "Nilipokwenda alikaa na mikono ndani ya kanga muda wote. Nilidhani ni baridi."

Nilisikia maneno hayo yote, nikamaliza ugali wangu, nikanawa.

Aliyenifumbua macho alikuwa Matiko. Huyu alikuwa mwanamume wa pili kuajiriwa baada yangu, fundi mzuri wa siafu, akatuacha kwenda kwenye dhahabu bila hata kuaga. Sasa alikuwa amerudi anaomba kiti chake. Madam akaniambia nimpime. Nikambania ndoano kwenye vaisi, nikampa bobini ya uzi. Hakuweza kuupitisha uzi kwenye bobini. Alijaribu, akacheka, akajaribu tena, akaacha kucheka. Mkono ulikuwa unatetemeka, mtetemo mdogo wa haraka ambao ungemsalimia mtu sokoni usiuone, lakini mbele ya ndoano ulionekana wote.

"Zebaki hiyo," akasema. "Daktari wa zahanati aliniuliza nachomea wapi."

Nilikuwa najua zebaki inavyotumika, kila mtu wa Tarime anajua. Unaichanganya na mchanga uliosagwa, inakamata dhahabu, unaikamua kwenye kitambaa ikabaki donge, unaliweka donge kwenye kifuniko juu ya makaa. Zebaki inaondoka, dhahabu inabaki. Sikuwa nimewahi kujiuliza inaondoka kwenda wapi. Matiko alikuwa ameichomea chumbani kwake mlango ukiwa umefungwa, ili watu wasimwone ana kitu.

Nilimwambia afunge goti moja la panzi, lolote. Akafunga kwa shida. Nikalitazama chini ya lenzi, kisha nikaumwaga mkebe wa rijekti juu ya meza nikaokota panzi wa Ijumaa iliyopita. Fundo la Matiko na fundo la mama mkwe wangu yalikuwa kama yamefungwa na mkono mmoja.

"Mwita wa Gorong'a unamjua?" nikamwuliza. "Yeye anachomea wapi?"

"Kwa mama yake," Matiko akasema. "Wengi tunachomea jikoni kwa mama. Nani ataingia kuiba jikoni kwa mama wa mtu?"

Sikumwomba Madam ruhusa. Nilichukua vaisi moja na baiskeli ya karakana, nikaondoka saa nne asubuhi.

Nilifika jua likiwa la utosi. Niliita nikiwa bado nje ya boma, kama inavyopasa, nikamwona Mama Mwita akiinuka kwenye kivuli cha ghala na kuingia jikoni ili nisikutane naye. Mikono ilikuwa ndani ya kanga. Mwita alikuwa uani, amekaa juu ya gunia la mawe, anayaponda kwa nyundo. Alikuwa shemeji yangu na tulipendana. Alifurahi kuniona mpaka nilipomweleza kilichonileta.

"Zebaki?" akasema. "Huu mwaka wa tatu naitumia, mbona sijafa? Mama ana uzee tu, mura. Wewe umwonee huruma, uache kumrudishia."

Nikaibana vaisi kwenye kigoda, nikalaza nyuzi mbili za unyoya. "Funga fundo moja."

"Mimi si mwanamke."

"Na mimi je?"

Akacheka, akaja. Alikuwa na kifua cha mtu anayevunja mawe, na nyundo ile mimi nisingeinyanyua asubuhi nzima. Alishika ncha ya unyoya, na ncha ikaanza kucheza. Akaikosa. Akaegemeza kiwiko kwenye goti lake, akajaribu, akaikosa tena. Akabadilisha mkono. Nyangi alikuwa amesimama karibu, mtoto mgongoni. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini alinyoosha mkono wake mwenyewe mbele yake, kiganja chini, akautazama. Nao ulikuwa umeanza.

Sauti ya Mama Mwita ikatoka ndani ya ukuta wa jikoni. "Ameweza?"

Nikajibu mimi, nikiuangalia ukuta. "Hakuweza, mama."

"Hata mimi siwezi. Tangu mavuno. Nilifikiri nikizidi kujizoeza mikono itarudi."

"Ulijizoezea wapi?"

"Hapa motoni. Hapa kuna mwanga."

Miaka imepita na sentensi hiyo haijanipa nafuu. Ni mimi niliyemkalisha pale. Kila nilichokirudisha kilimwongezea saa moja kando ya makaa, na alikaa kwa sababu alikuwa fundi mwenye haya na mkaguzi alikuwa mkwe wake. Nilimwuliza Mwita kama hata sasa kuna kitu juu ya moto. Alikuwa bado anautazama mkono wake. Akaniambia kipo, cha tangu asubuhi. Nikangoja aingie akakitoe. Hakuinuka.

Basi nikaingia mimi. Niliinama mlangoni nikaingia jikoni kwa mama wa mke wangu, jambo ambalo sijapata kumsikia mtu wa ukoo wetu amelifanya. Mama Mwita aligeukia ukutani akajifunika kanga kichwani. Kwenye mafiga kulikuwa na makaa, juu yake kifuniko cha sufuria, na katikati ya kifuniko kidonge kidogo cha kijivu kilichokuwa kinaanza kuwa cha njano upande mmoja. Hakikuwa na harufu yoyote. Nilivua koti, nikakishika kifuniko kwa koti, nikatoka nacho nikakiweka mbali nyuma ya boma upepo unakokwenda. Nikarudi mlangoni nikatazama chini.

"Mama, toka humo, tafadhali."

Alipita kando yangu, kila mmoja wetu akiangalia upande wake. Akasimama uani akinipa mgongo.

"Umeingia jikoni kwangu, mura."

"Nimeingia, mama."

"Wazee watakula mbuzi wa faini."

"Wale."

Nikamwambia nimemkosea. Nilimwambia kwamba ule ujumbe wa penseli ulikuwa wangu. Alisema anajua, mwandiko wangu alikuwa ameuona miaka mingi kwenye meza moja. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Njiani nilisukuma baiskeli sehemu kubwa kwa miguu, kwa sababu nilikuwa nalia na sikuona barabara vizuri.

Wazee walikula mbuzi. Mmoja wao aliniambia mdomo ukiwa umejaa kwamba nilifanya sawa kabisa, na kwamba mbuzi angekuwa mnene kidogo. Mama Mwita alipelekwa kwa mdogo wake anayelima kule Manchira, karibu na bwawa, mbali na machimbo. Nyangi na mtoto walikwenda kwa wazazi wake Kenyamonta wakakaa muda mrefu. Mwita hakuiacha dhahabu. Alihamishia moto wake nje nyuma ya zizi, nikamwomba aende mbali zaidi, akaenda kidogo. Mikono yake haikurudi yote mpaka leo, na akinipa chai huniwekea mezani, hanipi mkononi.

Karakana nayo ilibadilika. Madam Penina aliamuru kwamba kabla ya mtu kupewa kazi ya kufungia nyumbani, mmoja wetu akaangalie jiko lake. Walilalamika, akawaambia, "Hii si ya kuongea." Mimi nikajiwekea sharti langu, na ninawaachia ninyi. Mtu mwenye kazi nzuri akianza kuleta mbaya, msimwandikie kitu. Nendeni mkamwone alivyo. Mkiwa hamruhusiwi kumwona, tafuteni anayeruhusiwa.

Kutoka Manchira tulipata salamu tu. Bhoke alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza mama yake alikuwa bado anamwaga uji. Mara ya pili alikuwa anachambua mchele mwenyewe, polepole. Vuli ikapita, masika yakaanza. Mara ya tatu Bhoke alirudi na kiberiti, akakiweka juu ya meza yangu ya ukaguzi mbele ya watu wote wa karakana, akabaki amesimama. Ndani kulikuwa na panzi mmoja. Hapakuwa na ujumbe.

Nikamweka chini ya lenzi. Mwili ulikuwa umekaa. Macho yalikuwa sawa. Nikahesabu mizunguko ya uzi shingoni, nayo ilikuwa mitano. Miguu minne ya mbele haikuwa na neno. Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa umekunjwa nusu, goti juu kidogo ya mgongo, kama alivyonifundisha. Wa kushoto, goti lilikuwa limeshuka kwa unene wa uzi mmoja.

Niliinua kichwa. Mafundi wote walikuwa wameacha kufunga. Bhoke alikuwa ameliona jicho langu liliposimama.

"Ipitishe kazi hii," akasema kwa sauti ya chini. "Ni moja tu, Marwa. Ametumia wiki mbili."

Nilitaka kuipitisha. Sijawahi kutaka kitu kazini kuliko nilivyotaka kuipitisha ile. Nikachukua penseli na kipande cha boksi, na safari hii nikaandika majina. "Mama Mwita. Mguu wa nyuma kushoto, goti liko chini kwa uzi mmoja. Rudia. Marwa." Nikakikunja pamoja na panzi nikakirudisha ndani ya kiberiti. Mmoja wa mafundi alitoka nje.

Bhoke hakunisemesha kwa siku nne. Chakula nilipewa, maji ya kuoga nilipewa, neno sikupewa. Siku ya tano alifunga mtoto mgongoni akaenda Manchira kukipeleka kile kiberiti kwa mkono wake, maana alisema hatamwachia mtu baki amdhalilishe mama yake. Alirudi Jumapili mchana. Nilikuwa nje ya nyumba. Akamshusha mtoto, akanisimamia mbele, na nilivyomwona nilijua tu kwamba hajui aanze kwa hasira au kwa kitu gani.

"Alikisoma kile kipande mara mbili," akasema. "Halafu akacheka. Alicheka mpaka mama mdogo akaacha kuni akaja kuona kuna nini."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Mgonjwa harudishiwi kazi. Marwa ameona nimepona.'"